Machozi ya Kidawa

Usingizi unanijia mchana, baada ya adhuhuri, nikiwa nimejilaza ubavu juu ya kitanda cha marehemu mama, na haunijii kama usingizi wa watu, unanijia kama mtu anayenivuta mguu kutoka upande wa pili wa godoro. Nje uani mdogo wangu Kidawa anachambua maharage kwenye ungo, naye anaimba. Anaimba! Mama yetu hata udongo wa kaburi lake haujashikana vizuri, na yeye anaimba, na baadaye akimkumbuka atalia, akishalia atakula, akishakula atalala fofofo, kana kwamba moyo wake una milango mingi na funguo zote anazo yeye. Mimi, Shamsa, mtoto wa kwanza, mwalimu wa hesabu niliyezoea kuambiwa kuwa nina akili, sina hata ufunguo mmoja. Mama alipofariki niliacha kula, kisha nikaacha kulala, kisha nikaacha kwenda shule, na Kidawa ndiye aliyenifunga khanga kiunoni akanipeleka kwa Daktari Mshana. Yule mama daktari akanisikiliza mpaka mwisho, akasema hii ni sonona, akanipa vidonge, akanionya: siku ukitaka kuviacha njoo tuviache pamoja, usiviache peke yako. Vidonge vikaniinua, siwezi kuvisingizia. Vilinirudisha darasani. Lakini vilinikausha mdomo ukawa kama nimelamba majivu, vikanitoa jasho kwenye baridi ya Lushoto, chaki ikawa inanivunjikia ubaoni kwa jinsi mkono ulivyotetemeka, na vikanichukulia kitu ambacho sikujua kuwa mtu anaweza kuchukuliwa. Vilinichukulia machozi. Kwenye arobaini ya mama, kisomo kilipokwisha na ubani ukiwa bado unafuka, Kidawa alianguka juu ya mkeka akalia mpaka kina mama wote wakamzunguka, huyu kamshika kichwa, huyu kamshika miguu, na mimi nilisimama nimeshika sinia la kahawa, macho makavu kama ya samaki wa kukaanga, nikamsikia shangazi akimnong'oneza mwenzake: yule mkubwa moyo wake ni jiwe, mdogo ndiye aliyempenda mama yake. Nilivitupa vidonge chooni siku hiyohiyo. Sikumwambia mtu. Nilitaka machozi yangu. Na kama yangu hayapo, basi nilitaka ya Kidawa.

Sasa machozi hayajaja, umekuja umeme. Nikigeuza macho ghafla, umeme unapita kichwani, dzzz, kutoka sikio hadi sikio, na dunia inabaki nyuma kidogo kisha inanifuata. Tumbo linachafuka, hasira inanipanda kwa kijiko kilichodondoka tu, na ndoto ndizo usiseme. Nalala hapa, wimbo wa Kidawa unarefuka, neno moja linavutika kama ubani wa kutafuna, na pindo la chandarua linajiinua lenyewe. Natazama chini yake nikitegemea kuona sakafu na ndara zangu. Sioni sakafu. Naona barabara. Napenyeza kichwa, napenyeza mabega, na chandarua kinanishukia nyuma ya mgongo kama pazia la mlangoni.

Ni barabara ya milimani, nyembamba, imelowa ukungu, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande mwingine mashamba ya kabichi yanayoshuka hadi nisikoona, na kabichi zinapumua, zinafunguka na kujifunga taratibu kama vifua vya watoto waliolala, na hata hizo nazionea wivu, kwa sababu zimelala. Natembea. Nafika kwenye kona, napinda, na mbele yangu ipo kona ileile, jiwe lilelile, mfereji uleule, napinda tena, na kona ni ileile, ila safari hii ninaishuka badala ya kuipanda. Umeme unapiga, dzzz, na ukipiga mahali panabadilika: mwamba unakuwa ukuta wa shule, mfereji unakuwa uzi, na kando ya barabara amesimama mtu aliyevaa koti refu ambaye hana uso. Hatishi. Pale penye uso pamekuwa laini tu, kama sahani iliyooshwa. Namsalimia, maana mama alitufundisha kusalimia kila mtu. Namwuliza, ndugu yangu, machozi yangu yako wapi? Anajibu, na sauti inatoka kwenye koti: Aliyefunga mlango kwa kishindo anauliza kwa nini vyombo vinaanguka. Namwambia sikuuliza habari za vyombo, nimeuliza machozi. Anasema: Kuna mgeni aliyekuja kukusaidia kubeba mzigo, ukamfukuza akiwa bado ameshika upande wake. Nani sasa wa kulaumiwa kwa mgongo? Namjibu kwa ukali kwamba nimechoka na vitendawili, kwamba kwetu mtu akitega kitendawili na mwenzake akashindwa, hupewa mji, basi nimeshindwa, achukue mji. Hapo anainamisha ile sahani yake, kama mtu aliyefurahi. Mji chukua wewe, anasema, na umeme unapiga, na mji upo.

Ni mji wa vioo. Kuta vioo, milango vioo, hata mawe ya njiani ni vioo vidogo vinavyolia chini ya nyayo. Watu wake wanalia. Wanalia kama watu wa kwetu wanavyokohoa asubuhi, bila aibu na bila shida. Mmoja anasimama katikati ya njia analia, mwenzake anampangusa, wanacheka kidogo, wanaendelea na safari yao. Napita katikati yao na macho yangu makavu yananichoma kama nimeyapaka pilipili, natafuta sura yangu kwenye ukuta ili nijue walau kama nipo, na kwenye ukuta simwoni Shamsa, namwona Kidawa. Nainua mkono, Kidawa anainua mkono. Nahamia kioo kingine, yumo Kidawa, amesimama mbele ya darasa langu, chaki haimvunjikii, na wanafunzi wangu wanamtazama kwa mapenzi ambayo hawajawahi kunitazama nayo. Kioo kingine, yumo kitandani mwangu amelala, mdomo wazi, anakoroma kama paka. Kioo kingine, ni arobaini, yuko juu ya mkeka na mikono ya kina mama imemjaa mwilini kama majani juu ya tunda, na pembeni kabisa kuna sinia la kahawa linaloelea hewani, halina wa kulishika. Sijaona wivu wa namna hii tangu nizaliwe. Haukai moyoni, unakaa kwenye meno. Nasikia njaa ya kumng'ata mtu. Yule asiye na uso ananifuata, namsikia nyuma, namwambia bila kugeuka, kwa nini yeye? Tumezaliwa tumbo moja, tumezika mama mmoja, kwa nini yeye apewe kilio na usingizi, mimi nipewe umeme? Anasema: Wawili wanachota kisima kimoja, kila mmoja anaiona ndoo ya mwenzake ndiyo iliyojaa. Na kisima ni kirefu? namwuliza. Anasema: Muulize anayeshika kamba.

Umeme unapiga kwa nguvu, mji unainama upande kama sinia lililoshikwa vibaya, na vioo vyote vinamiminika vikawa mlango mmoja, wa mbao, mlango wa nyumbani kwetu, wenye bawaba mbovu. Nausukuma. Ndani amekaa mama. Amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, khanga yake ya kijani imefifia vilevile nilivyoizoea, na uso anao, uso wake wote, wenye kovu la utotoni juu ya nyusi, uso wa kwanza ninaouona tangu nipite chini ya chandarua. Kati ya magoti yake ameketi Kidawa na mama anamsuka. Anamsuka twende kilioni, mistari inarudi nyuma yote kuelekea kisogoni, anachovya kidole kwenye mafuta ya nazi, anapitisha kitana, anasuka, na Kidawa amefumba macho na machozi yanamtiririka polepole, machozi mazuri, machozi ya mtu anayesukwa na mama yake. Sitoi salamu. Namshika Kidawa mkono, namvuta. Hapigani nami. Ni mwepesi mno, kama nguo iliyokauka kwenye kamba, ananitazama tu na kusema, dada, halafu namtoa nje, naubamiza mlango, nyumba nzima inatikisika, na ninakaa pale alipokuwa amekaa, mkeka bado una joto lake.

Mama haulizi. Mikono yake inaendelea kama haijaona mabadiliko. Tulia Kidawa mwanangu, anasema, unatikisa kichwa. Nafikiri, basi, nitakuwa Kidawa, ni gharama gani hiyo? Na machozi yanakuja kweli, yanashuka kwenye mashavu, nayangoja yafike kwenye midomo ili niyaonje, na yanafika, na hayana chumvi. Nagusa shavu langu. Ni kavu. Yanatiririka na hayalowanishi. Nje ya mlango kuna mtu anatetemeka. Nasikia meno yakigongana, nasikia mabega yakigusa mbao. Mama anasema, Kidawa, nani yule anatetemeka nje? Nasema, hakuna mtu, mama. Mama anasema, yupo. Ni dada yako. Nenda kamfungulie, tangu nilipoondoka hujapata usingizi mzuri kwa ajili yake, unakaa nyuma ya mlango wake unamsikiliza anavyopumua, unadhani mimi sikuoni? Kitana kinapita kichwani kwangu, na mimi nimeganda. Nasema, mama, mimi ndiye Shamsa. Mikono inasimama. Ananishika kidevu, anaugeuza uso wangu, ananitazama kwa muda mrefu kama anavyotazama mchele kwenye ungo. Shamsa? Mbona umekuja na nywele za mwenzio?

Nilitaka na mimi nisukwe, namwambia, na sauti yangu ni ya mtoto mdogo.

Wewe? anasema mama, na kwa mara ya kwanza anacheka. Wewe ndiye niliyekusuka kwanza. Sikujua kusuka mimi. Mikono hii ilijifunzia kichwani kwako, ulilia kila Ijumaa, mistari ikaenda kombo, majirani wakanicheka. Alipokuja Kidawa mikono ilikuwa imeshajua. Yeye alisukwa vizuri, wewe ulisukwa mwanzo. Sasa inuka ukafungue ule mlango. Polepole, mwanangu. Ule mlango ukiuvuta kwa nguvu unatoka na ukuta. Nainuka. Sitaki kuinuka, magoti yangu yanataka mkeka, lakini nainuka, nashika komeo, navuta kidogo, bawaba inalia, nangoja inyamaze, navuta tena kidogo, na kwenye ufa naona ukungu, naona koti, naona ile sahani isiyo na macho, na inasema kwa sauti ya mdogo wangu: Dada. Dada, amka. Amka, unaniogopesha.

Kidawa ameniinamia, mkononi ana kitambaa cha maji, na jua limefika ukutani. Shuka imelowa jasho. Unapiga kelele, anasema, unasema uuvute mlango polepole. Nakaa, nageuza macho, dzzz, nashika ukingo wa kitanda. Anaona. Umeacha dawa, anasema. Namwambia sijaacha. Dada, anasema, nakuona unavyopapasa ukuta ukigeuka. Jana umenitukana kwa sababu ya kijiko. Umeacha. Na wakati huo wivu wote wa mji ule unanipanda kwenye meno na ninautema palepale kitandani. Ndiyo, nimeacha! Nimeacha kwa sababu wewe unalia na mimi silii, kwa sababu wamekushika wewe na mimi wamenipa sinia, kwa sababu unakula, unalala, unaimba, unakuwa mtoto wa mama mbele ya watu na mimi nakuwa jiwe. Nakuonea wivu, Kidawa. Nakuonea wivu hata unapopiga chafya.

Nangoja akasirike. Anakaa chini, sakafuni, anakunja kile kitambaa mara nyingi hadi kinakuwa kidogo kama sabuni. Unadhani mimi nakuonaje? anasema. Wewe uliruhusiwa kuanguka. Ulipolala, kila aliyekuja aliuliza, Shamsa amekula? Shamsa amelala? Daktari wa Shamsa amesema nini? Hakuna hata mmoja aliyeuliza mimi nimekula. Mimi ndiye niliyepika chakula ulichokikataa. Siku ile ya arobaini walinishika watu karibu mia, na mimi nilikuwa natafuta mkono mmoja tu, nikautazama, umeshika kahawa. Nilikuonea wivu mpaka nikaumwa tumbo. Nilitaka niugue mimi, uniuguze wewe. Anainua macho, yamejaa. Mimi namtazama tu, na moyoni nasema, sasa analia tena, na najisikia vibaya kwa kusema hivyo, na bado nasema.

Anapiga simu kwa Daktari Mshana, anaiweka kwenye spika. Naeleza yote, umeme, kichefuchefu, hasira, ndoto, naeleza kama mtoto aliyevunja mtungi. Daktari haguni. Shamsa, anasema, hujaharibu kichwa chako, wala hujawa mtumwa wa dawa. Mwili ulishazoea, wewe umeiondoa ghafla, sasa mwili unapepesuka. Huo umeme tunaufahamu, unatisha lakini unapita. Njoo leo na mdogo wako. Tutairudisha, halafu tutashuka kidogokidogo, na ukiona tunashuka haraka utaniambia tutulie. Na kuhusu machozi, kwa nini hukuniambia? Namwambia niliona aibu, nani anakwenda hospitali kulalamika kwamba halii? Wengi, anasema. Wengi sana. Tungeweza kubadilisha kitu. Kisha anauliza moja kwa moja, bila kupunguza sauti, kama nina mawazo ya kujidhuru. Nasema sina. Anasema yakija, hata yakija kama utani, nisiyangoje yaondoke, nimwambie Kidawa na tuje saa hiyohiyo. Kidawa anajibu kabla yangu: tumesikia, daktari.

Basi tunakwenda, na tunarudi, na wiki zinapita kama kona za barabara ya milimani, kila moja inafanana na iliyopita ila naona ninashuka. Kidonge kizima, kisha pungufu, kisha pungufu zaidi, mara moja tunakwenda kasi na umeme unarudi, daktari anasema tukae hapohapo kwanza, tunakaa. Chaki inaacha kuvunjika. Mate yanarudi mdomoni. Umeme unakuwa mdogo, kama wa sweta ukilivua gizani, kisha siku nzima inapita bila kuusikia na ninaogopa kuutaja usije ukasikia jina lake. Wivu hauna dawa ya kushushwa kidogokidogo, au kama ipo hatukuandikiwa. Namsaidia Kidawa kupika, namwuliza amekula, namwambia alale mimi nitafua, na bado nikimwona anajipangusa macho kwa pindo la khanga, kuna kitu kinagonga kwenye meno yangu.

Na leo, asubuhi ya Jumamosi, niko uani nakatakata sukuma wiki, wala simuwazi mama, nawaza kwamba kisu ni butu, na kisu ni butu kweli, nakinoa kwenye kizingiti, na ghafla nalia. Hakuna kilichoyaanzisha machozi. Yanakuja tu, mazito, ya moto, yanaingia mdomoni na yana chumvi, yanalowesha shingo na kola ya gauni, natoa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo, mbwa wa jirani anabweka. Nalia kwa ajili ya mikono iliyojifunzia kichwani kwangu, halafu nashtuka, kwani hilo mama aliniambia lini? Aliniambia akiwa hai, au ni kule tu? Najaribu kukumbuka Ijumaa yoyote ya utoto na kila ninayoikumbuka ina ukungu. Nikimuuliza Kidawa hatajua, alikuwa hajazaliwa. Hakuna aliyebaki wa kuulizwa. Nainua kichwa, na Kidawa amesimama kwenye mlango wa jikoni ananitazama, mwiko mkononi, macho yake makavu kabisa. Naijua sura ile. Sijawahi kuiona usoni kwa mwingine, lakini naijua kutoka ndani. Mdogo wangu ananionea wivu. Amesimama pale na kilio chake kimemwishia, na amenikuta mimi ninacho, na meno yake ameyauma. Nyuma yake jiko linafuka, moshi unamfika shingoni, unamfika kidevuni, unaanza kumfuta uso, na mimi sijui kama hapa ndipo nilipoamkia siku ile au ndipo nilipolalia, sijui kati yetu nani amelala na nani anaota. Najongea pembeni kwenye kigoda, nafuta nafasi kwa mkono uliolowa.

Njoo ukae, mdogo wangu, namwambia. Wewe umekula?